Homa ya Kucha Nyeusi

Zamda hakuwa msemaji. Mtaa wake wa Kanyenye ulimjua kama mke wa Selemani fundi wa reli, binti mpole aliyemaliza darasa la saba, anayekaanga vitumbua asubuhi na mtoto wake Sikuzani mgongoni hata akiwa anapuliza moto. Kwenye foleni ya bomba aliamkia wakubwa, akaweka ndoo yake nyuma ya ndoo za wengine, akasikiliza. Kwa hiyo siku alipofungua mdomo na kuanza kueleza jinsi watu wa mji wa Gombera walivyokufa, ilikuwa kama ndoo zenyewe zimenyamaza.

Aliyemchokoza ni Bi Tatu, muuza dagaa, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika mwisho wa foleni kabla ya mwenyewe.

"Mama Siku, umekwenda Morogoro kwenye arobaini ya mtoto wa dada yako, umekaa huko mpaka tumekusahau. Umerudi na nini? Hina tu?"

Zamda alitazama mikono yake. Hina ilikuwa imeshika vizuri, nyekundu ya kuiva, vidole vyote kumi.

"Nimerudi na kitabu, Bi Tatu."

"Cha nini?"

"Cha ugonjwa."

"Mungu apishe mbali." Bi Tatu alitema mate pembeni, akasogeza debe lake, akangoja kidogo. "Ugonjwa gani?"

Ndipo Zamda akaanza. Kitabu kilikuwa hakina jalada. Shemeji yake alimpa ajisomee safarini, naye alikimaliza kwenye treni, akakirudia. Katika mji wa Gombera iliingia homa inayoanza kama uchovu wa kawaida tu, mtu anasema leo mwili mzito. Halafu ukucha wa kidole cha mwisho unakuwa mweusi. Kesho yake wa pili. Weusi ukifika dole gumba, wanatafuta sanda. Daktari mmoja, Daktari Liganga, akatumwa kuutafuta mwanzo wa ugonjwa. Hakuwa na dawa. Alikuwa na swali moja tu, akipita nalo nyumba hadi nyumba: nani aliyekuwa wa mwisho kuingia mji huu kutoka nje? Maana yupo mmoja aliyeleta mbegu, na huyo mleta mbegu bado ni mzima, anacheka na watu, anawapa mkono.

"Yupo kati yao?" akauliza mmoja.

"Yupo kati yao."

"Na wao hawamjui?"

"Hawamjui."

Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Zamda aliona kwamba vifo havikuwashika sana, vifo walivizoea. Kilichowashika ni huyo mmoja. Kila ndoo ilipojaa, mwenye ndoo aliinama kuinyanyua, na kabla hajainyanyua aliangalia kucha zake, kisha akamwangalia jirani yake, wakacheka wote wawili. Hofu ya kitabu ilikuwa hofu ya kuazima: unaivaa pale kwenye foleni, unaivua ukifika nyumbani.

Na vitabu vingine walikuwa navyo, vya darasa la kisomo cha watu wazima, lakini vile vilikuwa vya mbolea na vyoo. Hakuna aliyekimbizwa ndani yake.

"Nyie Wanyamwezi mnakufa kirahisi, hata vitabuni," alisema Bertila kutoka nyuma ya foleni. Bertila alikuwa Mgogo wa Manyoni, mke wa mfanyakazi mwingine wa reli, watoto wake wakubwa wamekwisha kuolewa. Kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wachukuzi wa mizigo, hakuna neno alilokatazwa kumwambia Zamda, na hakuna siku aliyolikosa.

"Gombera si Unyamwezi, mtani."

"Mtu anaugua kidole anakufa, nitashindwaje kujua kabila lake? Endelea, mchukuzi. Daktari akaingia nyumba gani?"

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila foleni kipande. Wakamwekea hata nafasi mbele, kisha wakaghairi wakamrudisha katikati, ili walio mbele na walio nyuma wasikie sawa. Wengine walikuja na ndoo ambazo hazikuhitaji maji. Zamda alirudi nyumbani amechangamka, akamweka Sikuzani kwenye mkeka, akafungua kitabu kuangalia kesho atakata wapi.

Mwenyewe alikipenda kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Kabla ya Sikuzani alizaa mtoto wa kiume, akafa kwa surua kabla hajatembea. Muuguzi alisema, pole mama, ni surua, akamkunjia blanketi lake vizuri, akampa. Basi. Hakuna aliyeuliza surua ile ilitoka wapi, ilipita mlango gani. Katika kitabu alikuwapo mtu asiyelala mpaka ajue. Zamda alikuwa akimwangalia Daktari Liganga anavyobisha hodi nyumba baada ya nyumba, na kila hodi ilimpoza mahali fulani kifuani.

Kisha redio ikasema kipindupindu kimeingia pwani. Kwa siku kadhaa kilikuwa mbali, kama habari ya vita ya watu wengine. Halafu kikawa Morogoro. Halafu Dodoma. Halafu Elieza, kijana aliyekuwa akipakia mizigo stesheni na kupanga chumba kilichopakana ukuta na cha Zamda, akaanguka asubuhi njiani kwenda chooni. Adhuhuri walimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Hakurudi. Watu wa afya walimzika wenyewe, wakanyunyiza dawa kaburini, wakanyunyiza na chumba chake, wakafunga mlango kwa waya. Jioni hiyo ikatangazwa kwamba mji umefungwa, hakuna abiria kupanda treni wala kushuka. Selemani alikuwa kazini upande wa Kaliua, akabaki huko huko.

Asubuhi Zamda alikwenda bombani kama kawaida. Alimwamkia Bi Tatu.

"Marahaba," alisema Bi Tatu, bila kumtazama. Halafu: "Mama Siku. Siku uliyoshuka na treni, mzigo wako nani alikubebea?"

Zamda aliitua ndoo yake chini.

"Elieza."

"Eee." Bi Tatu aliwageukia wenzake. "Si nilisema?" Akamgeukia tena. "Hebu tuone mikono."

"Mikono ya nini?"

"Inyooshe tu."

Aliinyoosha. Hina ilikuwa imezeeka. Kwenye vidole imefifia, lakini kwenye kucha imekolea, imekuwa rangi ya kahawa iliyoungua.

"Ni hina, Bi Tatu. Hina ya arobaini. Wewe mwenyewe uliisifia."

"Niliisifia ilipokuwa nyekundu."

"Hina si ndivyo inavyokuwa? Nyote mnapaka!" Aliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa anajua hina. Kulikuwa na mikono pale yenye hina hiyo hiyo. Lakini mikono ile ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya khanga. "Na kipindupindu si cha kucha. Redio imesema ni kuhara na kutapika. Cha kucha ni kile cha kitabu."

"Vitabu haviandikwi bure," alisema mwanamke mmoja taratibu.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Mzee Twalibu, fundi cherehani, mtu asiyependa ugomvi hata wa paka. Alikuja kwa Zamda saa ya chai, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, na nyuma yake wanaume wawili wakiburuta matawi ya mgunga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sisemi ni wewe. Usije ukamwambia mumeo kwamba Mzee Twalibu alisema ni wewe. Nasema kaa ndani kwanza mpaka bwana afya aje akupime. Ni kwa usalama wa wote."

"Na maji, baba?"

"Maji utaletewa."

"Na nani?"

Mzee aliangalia futi yake. "Utaletewa," alisema tena, na miba ikawekwa kwenye mwanya wa ua wa minyaa, pale pa kupitia. Minyaa yenyewe ilikuwa mirefu kumpita mtu; ukivunja tawi, utomvu wake unapofua macho. Selemani ndiye aliyeipanda, wezi wasiingie.

Hakuna aliyeleta maji. Zamda hakuamini kwamba ni ukatili. Alidhani kila nyumba iliamini nyumba nyingine imepeleka. Mtungi ulikuwa umebaki nusu. Alipika uji mwepesi, akampangusa mtoto badala ya kumwogesha, akaketi kizingitini kusikiliza mtaa unavyoendelea bila yeye: mchi, jogoo, cherehani ya balozi ikikimbia na kusimama. Chumba kilikuwa kimoja, na ua wa hatua chache. Alizunguka ua ule mpaka kuku wake wa pekee akachoka kumpisha.

Alasiri akasikia miguu nje ya minyaa.

"Mama Siku! Upo?"

"Nipo."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Mtoto?"

"Hajambo."

Mtu akakohoa, mwingine akamfinya akanyamaza.

"Sasa," ilisema sauti ya Bi Tatu, "yule daktari alipofika nyumba ya mwashi, ilikuwaje?"

Zamda alifikiri amesikia vibaya. Alisogea kwenye minyaa, akachungulia chini ambako majani ni machache. Aliona miguu, mingi, na pindo za khanga, na vitako vya ndoo vimegeuzwa kuwa viti.

"Bi Tatu, sina maji."

"Balozi kasema utaletewa."

"Sijaletewa."

"Basi utaletewa. Haya, mwashi alimfungulia mlango, hakumfungulia?"

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amekaa tangu asubuhi bila kuzungumza na mtu mwenye meno, na zile zilikuwa sauti za watu. Akasimulia. Mwashi alifungua mlango, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Daktari Liganga akamwambia, fungua kitambaa. Miguu nje ya ua ilisogea karibu. Zamda akafika mahali mwashi anakifungua kitambaa taratibu, mkunjo mmoja, mkunjo mwingine, na miguu ikasogea mpaka vidole vikagusa shina la minyaa. Hapo vumbi likamwingia kooni, akakohoa. Miguu yote ikaruka nyuma.

Wakaja tena kesho yake. Walimwogopa, na walimfuata. Walisimama pale pale wakitetemeka kwa ugonjwa wa Gombera, wakimsikiliza mtu ambaye hawathubutu kumpa maji.

Mtungi ukafika kwenye udongo. Zamda aliacha kunywa ili mtoto anywe, halafu maziwa yakaanza kupungua, akaona kwamba amefanya hesabu ya kijinga. Sikuzani alinyonya, akaachia, akamtazama mama yake usoni kama anayeuliza, akanyonya tena kwa hasira. Kila alipomfungua nepi Zamda alishika pumzi. Choo kilikuwa cha kawaida. Kisha alifanya jambo ambalo lilimwaibisha, lakini hakuweza kulizuia: alivikunjua vile vidole vidogo, kimoja kimoja, akaangalia kucha. Alijua kabisa kwamba hazina uhusiano. Aliziangalia hata hivyo, na alipozikuta safi alishukuru.

Siku moja alijaribu kugoma.

"Leo sisimulii mpaka nione ndoo."

Kulikuwa na kunong'ona.

"Ana kiburi," alisema mmoja, kwa sauti ya kutaka asikike.

"Hata mleta mbegu wa Gombera lazima atakuwa na kiburi. Utaona."

Wakaondoka. Zamda alibaki ameshika ukuta. Ndipo alipoelewa vizuri mahali alipofungiwa. Miba ile mtu angeiondoa kwa jembe. Hadithi ndiyo iliyomfunga, na ni yeye peke yake aliyejua inakokwenda. Maana mleta mbegu wa Gombera alikuwa mwanamke, na alikuwa na mtoto mgongoni, na alikuja na lori kutoka mbali. Daktari Liganga alipomtaja, watu wa mji walimfungia katika nyumba ya udongo, wakaweka nyasi kwenye mlango, wakawasha. Daktari alisimama mbali, akavua kofia. Homa ikaisha. Ukurasa wa mwisho.

Akinyamaza, wanasema anaficha. Akisema, anawapa kiberiti.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kelele mtaani. Cherehani ilisimama.

"Hodi kwa wachukuzi!"

Zamda alichungulia. Bertila alikuwa anakuja katikati ya njia, ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja kiunoni, kama anayekwenda ngomani. Nyuma yake wanawake, na mbele yake Mzee Twalibu anakimbia kwa ndala.

"Bertila! Bertila, mwanangu, simama hapo. Hairuhusiwi mtu kuvuka."

"Hairuhusiwi mtu, balozi. Mimi mtani."

"Mtani si mtu?"

"Umewahi kusikia mtani akiitwa mtu msibani? Mtani wangu anakufa humo ndani, sufuria zake nani anarithi? Wewe? Nimekuja kuchagua mapema."

Mtu alicheka, akajikuta amecheka, wengine wakafuata. Mzee Twalibu alijaribu kukunja uso ikashindikana.

"Na hayo maji?"

"Haya?" Bertila aligusa ndoo. "Babu zenu walipopita kwetu na pembe za ndovu vichwani, ndimi nje kama mbwa, nani aliwapa maji? Mgogo. Bure? Walilipa hongo, ushuru wa njia, ndipo wakanywa, bila hongo wangekauka njiani. Sasa leo nimewaletea kisima mpaka Unyanyembe kwenyewe. Nakuja kudai hongo yangu. Nipisheni."

Akainua mguu. Miba ilimshika gauni, akalivuta likachanika, akamtukana Zamda kwa ajili ya gauni, akavuka.

"Ukishaingia umeingia!" alipiga kelele Bi Tatu. "Hutoki!"

"Nani kakwambia natoka? Kwanza sijala."

Ndani aliitua ndoo bila kumwaga tone. Alichota kwa kata akampa Zamda. Zamda alimsogezea mtoto kwanza. Bertila alimrudisha mkono.

"Wewe kwanza. Yeye anakunywa kutoka kwako, bado hujalijua hilo? Kunywa, mchukuzi. Na usinililie ndani ya maji, utayatia chumvi."

Alikunywa mpaka akashindwa kupumua. Baadaye waliyachemsha yaliyobaki, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta, Sikuzani kati yao akinyonya na safari hii hakuachia.

"Haya," alisema Bertila. "Hongo."

"Sina kitu, mtani. Kuku yule pale."

"Kuku wako ana mawazo, sitaki nyama yake. Nataka mwisho wa hadithi."

Zamda akamwambia. Akamwambia yote, lori, mtoto, nyasi, kofia. Bertila alisikiliza akichokonoa mwiba kwenye kisigino.

"Na wewe ulipofika hapo, kwenye treni, ulionaje?"

Zamda alikumbuka dirisha la treni, nyika ya Itigi ikipita, Sikuzani amelala mapajani. Alikumbuka alivyofunga kitabu akashusha pumzi ndefu, mwili wote umelegea kama mtu aliyetoka kuoga.

"Nilifurahi," alisema. "Nilisema, sasa umekwisha."

Bertila hakucheka wala hakutikisa kichwa.

"Basi na wao watafurahi. Wape."

"Nikiwapa watanifanyia mimi."

"Watu wamezikiwa kijana wao hata hawakumwosha. Hakuna aliyewaambia ni kwa nini. Wanataka mtu, Zamda. Wape wa karatasi."

Ndoo ile haikufika mbali kwa watu watatu. Ilikuwa imebaki ya kuoshea mikono tu bwana afya alipofika. Jina lake Nikolaus, kijana aliyekonda, macho mekundu kwa usingizi, bomba la dawa limefungwa nyuma ya baiskeli. Alitoa matawi ya mgunga mwenyewe, akamkagua Zamda, akamkagua mtoto, akauliza kuhusu choo na matapishi. Halafu balozi akanong'ona jambo.

"Kucha?" alisema bwana afya. Aliushika mkono wa Zamda, akausogeza juani. "Hii hina."

"Ndiyo, bwana afya," alisema Zamda.

"Nani aliwaambia kipindupindu kinaonekana kwenye kucha?"

Mzee Twalibu alivuta futi yake upande mmoja, akaivuta upande wa pili. "Watu wamesikia. Kuna daktari alisema."

"Daktari gani?"

"Daktari Liganga."

"Liganga." Bwana afya alitoa kalamu mfukoni. "Yuko wilaya gani huyo?"

Bertila aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Bwana afya aliwaambia wachemshe maji, wanawe kwa sabuni, waache kuchota kwenye kile kisima cha bondeni bomba linapokauka, wafunike vyoo. Bi Tatu akauliza lile ambalo wote walikuwa wanalo mdomoni.

"Sasa bwana afya, nani wa kwanza? Nani alikileta?"

"Sijui, mama."

"Lakini mtajua."

"Labda tusijue." Alipanda baiskeli. "Una mtu anayehara nyumbani kwako? Hapana? Basi chemsha maji."

Hawakuridhika. Zamda alisimama kwenye mwanya ambao haukuwa na miba tena, akaziona nyuso zao. Daktari aliyekuja mwenye mwili na baiskeli hakuwapa hata mtu mmoja. Aliwapa sufuria.

Alichukua ndoo yake, akamfunga Sikuzani mgongoni, akaenda bombani. Alikuwa huru kwenda, hakuna aliyemzuia. Ndoo zilikuwa zimepangwa zimegusana, debe kwa debe, kuanzia bomba mpaka nguzo, na wenyewe wamesimama kati yake. Hapakuwa na mahali pa kuweka hata kikombe. Bertila alikuwa amekwenda kwake kuvaa gauni zima.

"Foleni inaishia wapi?" aliuliza Zamda.

Maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi.

"Kwanza mwisho wa hadithi," alisema Bi Tatu. "Halafu tutaona inaishia wapi."

Akaiweka ndoo chini, mbele ya miguu yake. Akawapa. Hakupunguza. Aliwaletea lori likiingia Gombera na mwanamke akishuka na mtoto wake mgongoni, akiwasalimu watu, akiwapa mkono. Aliwapitisha na Daktari Liganga nyumba ya mwisho kabisa, wakamwona anamtazama yule mwanamke na kujua. Mtu alisema, "Ndiye huyo! Mimi nilijua!" Aliwapa nyumba ya udongo, komeo la nje, nyasi za kuezekea zilizokauka. Aliwapa moto. Alipokuwa anausema moto sauti yake haikutikisika, ila mikono aliificha ndani ya khanga bila kujua.

Walishusha pumzi wote pamoja. Zamda aliisikia, akaitambua. Ilikuwa ile ile yake ya kwenye treni. Mmoja alifuta jicho. Mwingine alisema, "Afadhali. Walikuwa waishe wote." Nyuso zimelegea, mabega yameshuka. Wakamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe Elieza walimtazama kama Mama Siku wa vitumbua.

"Na mtoto je?" aliuliza Bi Tatu.

Kitabu hakikusema. Zamda alikisoma mara mbili, na hakuwahi kugundua. Mtoto aliingia Gombera mgongoni mwa mama yake, na kuanzia pale mwandishi alimsahau.

"Mama yake alimpitisha dirishani," alisema Zamda.

"Moto unawaka?"

"Unawaka."

"Nani akampokea?"

"Mwanamke mmoja. Katika wale waliokuwa wamesimama nje wanatazama."

"Aliitwa nani?"

Zamda alimtazama. "Hakutajwa jina."

Bomba likakohoa hewa, likatema maji, likakohoa tena. Mwanamke aliyesema afadhali alikuwa anaangalia ndoo yake ingawa haijajaa. Kisha Bi Tatu akasukuma debe lake kwa mguu, likakwaruza saruji, nafasi ikapatikana ya upana wa ndoo moja, pale pale mbele, chini ya bomba.

"Weka. Maji yenyewe haya yanataka kukatika."

Zamda aliweka. Uzi wa maji uligonga chini ya ndoo kwa mlio mkubwa. Alianza kuinama kuishika isianguke, na Bi Tatu akanyoosha mikono yake miwili minene, inanukia dagaa.

"Nipe mtoto nikushikie. Maji yatammwagikia."

"Asante, Bi Tatu," alisema Zamda, akikaza fundo la khanga kifuani. "Amelala."

Akainama naye hivyo hivyo. Mgongoni Sikuzani alikuwa macho kabisa, shingo ameigeuza, anamtazama Bi Tatu.